Aliyeagiza Siwa: Mwana Darini wa Pate na Maana Mbili za Kutunza

(Mhadhara uliotolewa Buganguzi, Wilaya ya Muleba, mkoani Kagera. Unachapishwa kama ulivyosemwa, pamoja na maneno ya pembeni kwa wasikilizaji.)

Mmenipokea kwa kahawa ya kutafuna. Mgeni akishatafuna buni za mwenyeji hana tena ruhusa ya kusema kwa mafumbo, kwa hiyo nitajitahidi kusema wazi. Nimeombwa nizungumzie mwanamke tajiri aliyelea sanaa, na nimemchagua mtu wa mbali kidogo, wa kisiwa kilicho Bahari ya Hindi, aliyeishi zaidi ya miaka 300 iliyopita. Msiniulize kwa nini sikuanzia hapa Buhaya, tutafika. Wazee wa pwani walizoea kusema kwamba zumari ikilia Unguja, wanaocheza wako Maziwa Makuu. Leo ninawaletea siwa badala ya zumari, na ziwa liko hapo chini ya kilima.

Kusudi langu ni moja. Nataka kuonyesha kwamba mlezi wa sanaa hajulikani siku ya sherehe. Anajulikana sherehe ikishapita, vyombo vikishaoshwa na turubai kukunjwa. Kiswahili kina neno linalobeba jambo hili lote, nalo ni kutunza. Kwenye taarabu mtu akiinuka na noti yake, akacheza mpaka mbele na kumwekea mwimbaji, tunasema amemtunza. Mwenye kibanja anayepogoa migomba yake, akaitandazia nyasi na kuitilia samadi, naye tunasema anaitunza. Neno ni hilohilo, kazi ni mbili. Ile ya kwanza tunaijua wote, tena tunaipenda kwa sababu ina wapiga picha. Ya pili ndiyo iliyonileta hapa, na sijaona mtu aliyeifanya vizuri zaidi kuliko Mwana Darini wa Pate.

Kwanza tumjue. Neno Mwana katika jina lake ni heshima ya mwanamke huko Lamu na Pate, kama sisi tunavyotanguliza Ma. Pate leo ni kisiwa chenye vijiji na magofu, lakini katika karne ya 17 ulikuwa mji wa biashara uliotawaliwa na ukoo wa Nabahani, wenye mafundi wa mbao, wa fedha na wa pembe, na washairi waliokuja kuwa mhimili wa fasihi ya Kiswahili. Habari zake zimo katika Tarehe ya Pate, mapokeo ambayo mzee wa ukoo huo aliyejulikana kama Bwana Kitini aliyasimulia na yakaandikwa. Stigand aliyaingiza katika kitabu chake cha mwaka 1913, na Alice Werner akayachapisha kwa Kiswahili muda mfupi baadaye. Ndani ya mapokeo hayo, kati ya majina ya masultani na vita vyao, yupo mwanamke huyu, naye anachukua nafasi kubwa kuliko masultani kadhaa.

Sasa siwa yenyewe. Ni pembe kubwa ya kupuliza, na tundu lake la kupulizia liko ubavuni, si nchani. Zilikuwapo za shaba na za pembe za ndovu. Vasco da Gama alipofika Malindi mwaka 1498, watu wake waliandika kuhusu pembe mbili za ndovu zenye nakshi, ndefu kama kimo cha mtu, zilizokuwa zikipulizwa ubavuni. Siwa haikuwa ala ya kila mtu. Ililia sultani akitawazwa, ililia katika harusi na jando za waungwana, na aliyenyimwa siwa kwenye shughuli yake alikuwa ameambiwa, bila neno kutamkwa, kwamba yeye si kitu. Wazee waliopo hapa wanaelewa haraka, maana ngoma za mukama, mfalme wetu wa zamani, nazo hazikuwa ngoma za kuchezea tu. Zilikuwa ni utawala wenyewe, umewambwa ngozi.

Mwana Darini alikuwa mke wa mtu wa ukoo wa kifalme. Wareno, ambao wakati huo waligombana na Pate kila baada ya miaka michache, walimkamata mumewe pamoja na wakubwa wengine wa mji wakawapeleka Goa, nako wakauawa. Kumbukumbu za Wareno zinaliweka tukio la kuuawa kwa mfalme wa Pate na washauri wake mwaka 1688. Akabaki na mwanawe. Mtoto alipofikia umri wa jando, mama akataka kumfanyia shughuli inayomstahili mtoto wa baba yule. Sultani aliposikia, naye akatangaza jando la watoto wake, ili siwa ya mji iwe kwake na mjane akose. Huo ndio mtego. Mwanamke mwingine angeahirisha, au angekwenda kuomba. Yeye alimwita fundi.

Fundi huyo aliitwa Mwenyi Bayayi, sharifu wa ukoo wa Jamal Lail, hodari wa kuchonga. Mwana Darini alimwambia amtengenezee siwa ya kuishinda ile ya sultani. Fundi akataja anachohitaji, pembe za ndovu na fedha, mama akakubali. Kazi ikafanyika kwa siri nyumbani kwa fundi mpaka ikaisha. Halafu ghafla siwa ikatolewa nje, ikazungushwa mjini kwa jamaa zake, kila nyumba ikamtunza fundi na kumshangilia mama. Mtoto akatahiriwa kwa heshima zote. Siwa hiyo ipo mpaka leo katika jumba la makumbusho la Lamu: pembe nyeupe iliyogeuka rangi ya asali, urefu wake unapita mita 2, imezungushiwa nakshi zilizochimbwa kwa mkono ambao haukuwa na haraka. Kila anayesimama mbele yake anatazama agizo la mjane aliyekataa kuomba.

Hoja yangu ya kwanza inahusu mali. Mnaweza kuona ni jambo dogo, lakini hadithi nzima imesimama juu yake: Mwana Darini aliposema ndiyo kwa fundi, hapakuwa na mtu wa kumwuliza kwanza. Fedha ilikuwa yake. Sheria ya Kiislamu iliyofuatwa Pate ilimpa mwanamke mali yenye jina lake, mahari yake na fungu lake la mirathi, akauza na kununua kwa mkono wake, ingawa fungu hilo lilikuwa dogo kuliko la kaka yake. Bila hilo angebaki na uchungu wake tu. Tunapenda kulalamika kwamba wanawake wenye uwezo hawajitokezi kulea sanaa, na tunalisema hilo kana kwamba ni upungufu wa moyo. Tuangalie karibu. Mwaka 1963 serikali iliandika Tamko la Sheria za Kimila, na humo mwanamke aliruhusiwa kuitumia ardhi ya ukoo maisha yake yote lakini si kuiuza. Mwaka 1988 mama mmoja wa wilaya hii, aliyeachiwa shamba na baba yake kwa wosia ulio halali, aliliuza. Mwana wa ndugu yake akamshitaki katika Mahakama ya Mwanzo ya Kashasha, si mbali na hapa, na mahakama ikasema mauzo ni batili kwa kuwa yeye ni mwanamke. Shauri lilipanda mpaka Mahakama Kuu ya Mwanza, ambako mwaka 1990 Jaji Mwalusanya aliamua kwamba kanuni ile inapingana na Hati ya Haki iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, na kwamba mwanamke anaweza kuuza kama anavyouza mwanamume. Hukumu hiyo inasomwa katika vyuo vya sheria duniani kote, nayo ilianzia kwenye migomba ya Muleba. Ninaitaja katika mhadhara wa sanaa kwa sababu mtu asiyeweza kuuza hawezi kuagiza. Anaweza kusifu, anaweza kupiga vigelegele, lakini kumwita fundi na kumwambia nipe bei yako, hawezi.

Hoja ya pili: aliagiza, hakutoa sadaka. Kati ya mambo hayo mawili kuna bahari. Sadaka humfanya msanii ashukuru. Agizo humfanya afanye kazi, tena kazi anayoijua, kwa bei aliyoitaja mwenyewe. Katika mapokeo ya Pate fundi ndiye anayesema kinachohitajika. Mama anaeleza anataka nini, kitu cha kupita kile kilichopo, kisha anatoka njiani. Hakai mlangoni kwa fundi kumfundisha kuchonga. Na mwishoni, jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko nakshi zote, jina la fundi limebaki. Tunalijua, na ukoo wake tunaujua. Linganisheni na ng'ombe wa chuma wa Karagwe. Wasafiri wa Kizungu Speke na Grant walifika kwa mfalme Rumanyika mwaka 1861, na Stanley miaka 15 baadaye, na hazina ya mfalme yenye sanamu zile za chuma ikasifiwa katika vitabu vya Ulaya. Ni kazi ya uhunzi ya hali ya juu, chuma kimepindwa kikawa pembe za ng'ombe zilizoinuka kama mwezi mchanga. Jina la mfalme kila mtu analo. La mhunzi halikuandikwa popote. Mfalme alikuwa na sanaa, sikatai. Lakini kuwa na sanaa ni jambo moja, na kumtambua aliyeifanya ni jambo jingine.

Hapa niruhusuni nitoke nje ya Afrika kidogo, kwa sababu mfano wenyewe unaanzia kwenye baraza zenu. Cherehani nyeusi yenye maandishi ya dhahabu, Singer, ile ambayo fundi wa sokoni anaifunika kwa kitenge jioni. Mwenye kiwanda cha cherehani hiyo, Isaac Singer, alikuwa na binti aliyeitwa Winnaretta, akarithi fungu lake, akakaa Paris na kuolewa na mwana wa kifalme wa ukoo wa Polignac. Fedha ya cherehani, iliyokusanywa kwa malipo ya kidogokidogo kutoka kwa washonaji wa dunia nzima, aliitumia kuagiza muziki. Hakuwapa watunzi posho ya kukaa. Alimwagiza Stravinsky kazi, akamwagiza Satie, akamwagiza Falla mchezo wa vikaragosi uliochezwa nyumbani kwake mwaka 1923, akamwagiza Poulenc tamasha la kinanda cha kanisani lililosikika kwanza sebuleni kwake mwaka 1938. Alifariki London mwaka 1943, na miziki ile inapigwa mpaka kesho na watu wasiojua jina lake. Sisemi kwamba Mwana Darini alikuwa Winnaretta wa Pate. Kwa tarehe zilivyo, ingebidi tuseme Winnaretta alikuwa Mwana Darini wa Paris. Wote wawili walijua kwamba msanii hupewa heshima anapoulizwa, "Unaweza kunifanyia nini, na kwa bei gani?"

Hoja ya tatu ndiyo moyo wa mhadhara, kwa hiyo mtanivumilia nikikaa hapo zaidi. Jando liliisha, watoto wakapona, sultani akanyamaza. Mapokeo yangeweza kuishia hapo na tungekuwa na kisa kizuri cha mwanamke mshindani. Yanaendelea. Siwa ya zamani ya mji, yanasimulia, iliazimwa na watu wa Lamu ikazama baharini njiani. Sasa mji mzima ukabaki na siwa moja, ile ya mjane. Sultani aliyemnyima akalazimika kumwomba. Fikirini nafasi hiyo! Angeweza kumkatalia mbele ya watu. Angeweza kuifungia sandukuni ili wajukuu zake peke yao waringe nayo. Alichofanya ni kuifungua: kila ukoo uliokuwa na haki ya kuliziwa siwa katika mji uitumie siwa hii, na asizuiwe mtu. Halafu akaongeza jambo ambalo wafadhili wengi hawalifikirii kabisa. Aliwaacha huru watumwa wake waliojua kuipuliza, akawakabidhi kazi hiyo wao na kizazi chao, na akaweka sharti kwamba kila anayeitaka siwa atoe ada kwa wapulizaji, pamoja na samli ya kuipaka pembe.

Samli. Nimesoma habari za wafalme wengi na wasanii wao, na neno hili moja ndilo lililonifanya nimchague Mwana Darini. Pembe ya ndovu ni kitu hai hata baada ya ndovu kufa. Ikikauka inapasuka, hasa penye nakshi, mahali chuma cha fundi kilipopitia. Mikono ya watu huisaidia, mafuta huisaidia zaidi. Mwanamke aliyeweza kuagiza ndovu wazima hakuona aibu kufikiria kikombe cha samli, na hakuacha kikombe hicho kitegemee wema wa mtu. Alikifanya kuwa sehemu ya bei ya kutumia. Tazameni jinsi mpango ulivyofungamana. Ada inamlisha mpulizaji, kwa hiyo ujuzi wa kupuliza haufi, maana baba ana sababu ya kumfundisha mtoto. Samli inaipaka pembe, kwa hiyo ala haipasuki. Matumizi mengi zaidi yanaleta ada nyingi zaidi na samli nyingi zaidi. Chombo kinatunzwa kwa kutumiwa. Kule juu nilisema neno kutunza lina kazi mbili: siku ile siwa ilipozungushwa mjini fundi alitunzwa, na tangu siku ile siwa imetunzwa, na zote mbili zimetoka kwa mtu mmoja.

Sasa tugeuke huku kwetu. Buhaya tulikuwa na enanga, ubao uliochimbwa kama kihori na kamba moja iliyopitishwa huku na huku mpaka zikawa nyuzi 7 au 8, na mwimbaji anayesimulia vita, mapenzi na vifo vya mashujaa usiku kucha. Profesa Mulokozi alizichunguza tendi hizo katika tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mwaka 1986, akaonyesha kwamba tuna tendi za kishujaa za kuwekwa pamoja na za mataifa yoyote. Waimbaji wakubwa walikuwa watu wa majumba ya wafalme. Huko walikula, huko walisikilizwa na watu waliojua kusikiliza. Mwaka 1963 utawala wa machifu ulifutwa, na sina nia ya kuufufua hapa. Ninachosema ni kwamba sheria iliyofuta kiti haikuuliza ni nani sasa atamlisha mpiga enanga. Mfalme alikuwa anamtunza kwa maana ya kwanza. Ya pili, ile ya ada inayoendelea hata mwenye mali akiondoka, hakuiweka. Ndiyo maana mlezi alipoondoka enanga ikahamia vilabuni na kwenye maharusi, na mwimbaji akawa anasubiri noti. Siwa ya Pate haikupata msiba huo kwa sababu ilishatoka mikononi mwa mwenyewe mapema.

Najua yapo mapingamizi, na baadhi yenu mmeshakunja nyuso. La kwanza: huyu mwanamke alisukumwa na kiburi. Alitaka kumshinda sultani, basi. Sanaa ilikuwa fimbo ya kupigania. Nakubali kwamba ndivyo ilivyoanza. Lakini nani kati ya walezi wa sanaa alianza na moyo mweupe? Mashindano ndiyo yaliyojenga misikiti mirefu na makanisa yenye minara miwili. Kiburi kinaweza kuagiza kitu bora. Kisichoweza ni kukifungua kwa adui. Siku aliyompa sultani siwa yake, kiburi kilikuwa kimeshamaliza kazi yake na kitu kingine kilikuwa kimeshika usukani.

La pili lina uzito zaidi: huo ni ubadhirifu. Hili si neno langu. Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui wa Mombasa, msomi ambaye baadaye alikuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwakemea watu wake kwa mali iliyokuwa ikimwagwa katika sherehe na ngoma, na gazeti lake la Al-Islah la mwaka 1932 lilikuwa sauti ya matengenezo. Wakati wake Mombasa ilikuwa na vyama vya lelemama, ngoma ya wanawake: wanawake wenye nyumba na dhahabu zao wakishindana kwa karamu, mavazi na gwaride, Ibinaal Watan upande huu na Banu Saada upande ule. Margaret Strobel aliyeandika historia ya wanawake hao anaonyesha ushindani ulivyokuwa mkali na wa gharama. Sheikh hakuwa mtu wa kupuuzwa, na katika hesabu ya mchele na mbuzi yuko sahihi kabisa: karamu ikishaliwa imeliwa. Pingamizi lake, hata hivyo, linatusaidia kutenganisha. Tusiulize zimetoka ngapi. Tuulize asubuhi yake kimebaki nini. Na katika lelemama yenyewe kilibaki kitu ambacho pengine hakikuonekana mwaka 1932. Wanawake walizoea kuwa na chama, viongozi, mweka hazina na mtindo wa kukusanyana bila mwanamume. Dar es Salaam, Bibi Titi Mohamed alikuwa mwimbaji kiongozi wa kikundi cha ngoma kilichoitwa Bomba; mwaka 1955 TANU ilipotaka wanawake, alipitia kwenye vikundi vya ngoma, na vikaja vikiwa vimeshapangwa tayari. Fedha iliyowekwa kwenye ngoma zile haikupotea yote.

Pingamizi la tatu sitalijibu kwa wepesi. Pembe zilitoka bara, na watu walizibeba. Waliopuliza siwa walikuwa watumwa kabla ya kuachwa huru. Utajiri wa Pate, kama utajiri wa miji yote ya pwani, ulikuwa na migongo ya watu ndani yake, na mwanamke huyu alikuwa mwenye watumwa. Sanaa haimsafishi. Anayeisifu siwa bila kulisema hilo anasifu nusu ya kitu. Hata hivyo, lipo la kuzingatia katika namna alivyoumaliza mpango wake. Alitambua kwamba ujuzi wa kupuliza ulikuwa wa wale waliopuliza, akawapa uhuru, kazi na malipo, vyote kwa pamoja, tena vya kurithiwa. Haki kamili haikuwa hiyo. Lakini wapo matajiri wa leo, wasio na mtumwa hata mmoja, wanaomwita mpiga ngoma saa 12 jioni na kumruhusu aondoke alfajiri na sahani ya pilau.

Na kama mtu atasema haya yote ni hadithi za wazee wa Pate, huenda zimetiwa chumvi, nitamjibu kwa kifupi: mapokeo yanatiwa chumvi, pembe haitiwi. Ipo, haina ufa ulioiangamiza, na inaonekana imepakwa mafuta miaka mingi.

Nimalizie kwa mambo ya mbele, na hapa ninawageukia hasa akina mama wa kata hii na wa Bukoba na Muleba kwa jumla: wenye vibanja vya kahawa, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye nyumba za wageni, na ninyi wa vikoba, ambao kisanduku chenu chenye kufuli tatu kinazungusha fedha nyingi kuliko mnavyokiri mbele ya waume zenu. (Nimewaona mnavyocheka.) Kila Jumamosi ya msimu wa harusi zipo kamati zinazokaa. Ninaijua bajeti ya kamati ya harusi kama mnavyoijua: ukumbi, mapambo, chakula, keki, msema chochote, muziki, picha na video. Mstari wa enanga haupo, na ukiwapo uko chini kabisa, chini ya "dharura". Naomba uongezwe mstari mmoja wenye maneno haya: utendi mpya umeagizwa kwa fulani, kwa bei fulani, kuhusu koo hizi mbili zinazokutana. Utungwe kabla, ulipwe nusu kabla, urekodiwe, na nakala ibaki katika maktaba ya shule ya karibu. Harusi 20 kwa mwaka katika kata moja ni tendi 20, na mtunzi mwenye maagizo 20 halazimiki kukaa kilabuni kusubiri noti.

La pili ni enanga zenyewe. Wachongaji wanapungua, na anayejifunza leo anajifunza bila kujua atamuuzia nani. Chama kimoja cha akina mama kikiagiza enanga 3, kikaziweka mahali panapojulikana na kuziazima kwa ada ndogo, ada hiyo ikigawanywa kati ya mpigaji, mchongaji anayezitengeneza zikilegea, na mafuta ya kuupaka ubao usipasuke wakati wa kiangazi, kitakuwa kimefanya alichofanya Mwana Darini, kwa gharama ndogo kuliko mapambo ya ukumbi. Na jina la mchongaji liandikwe chini ya ubao, kwa herufi zinazosomeka.

Ndugu Mwenyekiti, nimesema vya kutosha. Naona mikono imeshainuka, na mama aliyeko mstari wa tatu ameinua wa kwanza. Nadhani atauliza enanga moja inachongwa kwa shilingi ngapi. Mchongaji amekaa nyuma yake. Naomba apewe kipaza sauti yeye, ataje bei yake.